Nilivyopanda Ndege Iliyofuata Njia Yangu: Kilwa Masoko hadi Mikorosho ya Kitomanga

Nilikwenda Kilwa kwa sababu ya ujumbe wa sauti wa sekunde chache. Ulitoka kwa rubani ambaye sikuwahi kumwona, Kapteni Restituta. Bosi wangu aliucheza ofisini mbele ya watu wote, sauti ya simu ikiwa juu kabisa: "Huyo fundi aliyechora hii njia, mleteni aje akae kiti cha pembeni. Mimi peke yangu sirudii tena."

Kazi yangu ni kuandika programu za kuongozea ndege ndogo. Rubani anaweka nukta kwenye ramani, programu yangu inaziunganisha kuwa njia, kisha inaviamuru vile vipande vya nyuma ya mabawa na mkia viinuke au vishuke ili ndege iifuate njia hiyo yenyewe. Nimeifanya kazi hii miaka sita katika karakana yetu ndogo pale Morogoro. Katika miaka hiyo sita sikuwahi kupanda ndege. Sikuficha, hakuna aliyeniuliza. Watu wakisikia kazi yangu huniuliza habari za mawinguni, nami huwajibu kwa kujiamini kabisa.

Mke wangu, Mwanahawa, alicheka mpaka akakaa chini. "Miaka sita unaziambia ndege zipite wapi," alisema huku anafuta machozi, "leo ndege imeharibu, na mzazi umeitwa shuleni."

Lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha sana. Wakulima wa korosho wa Kitomanga, mkoani Lindi, walitaka mashamba yao yapigwe picha kutoka angani ili mikorosho iliyoanza kuugua mnyauko ijulikane mapema. Ugonjwa huo huingilia mizizini na kutembea ardhini kutoka mti hadi mti, na mti ukishashikwa hauponi. Msimu wa kuchanua ulikuwa unakaribia. Picha nzuri zinataka ndege iliyotulia, na ndege yetu, kwa maneno ya Kapteni, ilikuwa inakwenda kama mbuzi aliyekata kamba.

Nangurukuru nilishuka saa saba mchana, baada ya kulala Dar es Salaam kwa kaka yangu na kupanda basi la alfajiri. Hapo ndipo barabara ya Kilwa Masoko inapoachana na ile ya Lindi, na kila anayeshuka hushuka na njaa. Nilinunua muhogo wa kukaanga kwa dada mmoja aliyekuwa amejifunga kanga ya njano. Aliutazama mkoba wangu wa kompyuta niliokuwa nimeukumbatia kama mtoto mchanga.

"Kaka unakwenda Masoko kikazi?"

"Nakwenda kurusha ndege," nikamwambia. Sijui nini kilinituma.

"Ala! Kumbe wewe rubani?"

"Hapana. Mimi ndiye ninayemwambia rubani apite wapi."

Akanifungia muhogo kwenye karatasi, akanyunyiza pilipili, akauliza bila ubaya wowote: "Na yeye anakusikiliza?"

Niliondoka na swali hilo na muhogo vikiwa vimenikaa kooni pamoja.

Kilwa Masoko nilifika saa kumi. Kapteni Restituta alikuwa kwenye uwanja wa ndege, amelala chali chini ya ndege yake akikaza skrubu ya kamera. Alitoka, akajipangusa mikono. Ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa milimani upande wa Kipatimu, mfupi kiasi kwamba hukalia mto ili aone mbele. Ndege yenyewe ilikuwa ya injini moja. Viti vya nyuma vilikuwa vimeng'olewa na mahali pake kuwekwa kamera inayochungulia chini kupitia tundu la sakafuni.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba. Wewe ndiye Idrisa?" Alinitazama juu hadi chini kama anayekadiria uzito wa mzigo, na kwa kweli ndicho alichokuwa akifanya. "Kilo ngapi?"

"Sabini na nane."

"Njia yako haikufanana na ya mtu wa kilo sabini na nane. Nilidhani wataniletea kitoto. Kesho saa moja asubuhi. Usinywe chai ya maziwa."

Asubuhi iliyofuata mwenye nyumba ya wageni aliniandalia chai ya maziwa na chapati mbili. Alisimama pembeni kungoja nisifie, na mimi ni mtu niliyelelewa vizuri. Nilimaliza vyote.

Saa moja na nusu tukaruka. Nitasema ukweli: ile dakika ardhi ilipotuachia, nilishika kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, na kitu hicho kilikuwa mkono wa Kapteni. Aliutoa taratibu kama anayeondoa nyasi kwenye nguo. Chini yetu mikoko ilikuwa inaingia na kutoka kwenye maji ya ghuba, na Kilwa Kisiwani ikajitandaza na magofu yake ya mawe. Nikafikiri, kumbe mambo yenyewe ni haya tu, mazuri namna hii.

"Sasa nakupa ndege," Kapteni alisema kwenye vipokea sauti, akabonyeza kitufe cha kuwasha programu yangu na kuweka mikono mapajani.

Tulikuwa na nukta tano za majaribio. Kwenye skrini yangu kule Morogoro, njia ilikuwa mistari iliyonyooka inayokutana kwenye kila nukta kwa kona safi. Lakini ndege haijui kona. Ilifika kwenye nukta ya kwanza kwa kasi yake yote, ndipo programu ikakumbuka kuwa inatakiwa kugeuka. Bawa la kulia likaanguka chini, bahari ikaja dirishani, tukapitiliza mstari, programu ikaona tumepitiliza, ikatulaza upande wa pili, tukapitiliza tena. Tulipokaribia kuupata mstari, nukta ya pili ilikuwa imefika na mambo yakaanza upya.

"Umekunywa chai?" Kapteni aliuliza kwa utulivu.

"Kidogo."

"Ya maziwa?"

Alikuwa ameshaninyooshea mfuko wa karatasi, tayari umefunguliwa mdomo.

Tuliporudi chini nilikaa kwenye kivuli cha bawa nikiwa nimeshika majani kwa mikono miwili. Kapteni alichuchumaa karibu yangu. Nilitegemea anicheke, lakini alikuwa makini. "Sasa umeona kwa tumbo," alisema. "Mimi ningekueleza kwa maneno mwaka mzima usingeelewa. Kompyuta yako haina tumbo, Idrisa. Hiyo ndiyo shida yake."

Mchana huo nilikaa kwenye baraza la nyumba ya wageni na kuandika upya. Nilikuwa na dawa, na nilijiona hodari. Badala ya mistari na kona, niliweka mkunjo mmoja mrefu, hesabu moja tu, inayopita katikati kabisa ya kila nukta bila kukosa hata moja. Kwenye skrini ulipendeza kama mwandiko wa mtu aliyesoma sana. Nilimtumia Mwanahawa picha yake pamoja na habari za asubuhi. Akajibu: "Mzuri. Usinywe chai."

Siku ya pili tulikuwa tunahamia Lindi, na Kapteni alikubali tuujaribu mkunjo wangu tukiwa njiani. Nukta tisa kuelekea kusini, mwambao ukiwa mkono wa kushoto. Sikuwa nimekula kitu. Mwanzo ulikuwa laini mno hata Kapteni akaniangalia kwa jicho la heshima. Tukapita nukta ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kati ya ya tatu na ya nne, ndege ikaanza kwenda baharini.

"Tunakwenda wapi?" aliuliza.

"Nukta ya nne."

"Nukta ya nne iko kule," akaonyesha nchi kavu kwa kidevu. "Huku ni Ushelisheli."

Nililitambua kosa papo hapo, na nilitamani kiti kinimeze. Hesabu moja ndefu ukiilazimisha iguse kila nukta, inazigusa kweli, lakini katikati ya nukta na nukta inajitupa popote ili iipate inayofuata. Ni kama mtu anayepita sokoni akitaka kumpa mkono kila aliye kulia na kila aliye kushoto. Mikono yote atashika, lakini njia nzima atayumba. Tulikwenda baharini, tukarudi kwa nguvu, tukaipita nukta ya nne barabara, sawasawa kabisa, kisha tukatupwa bara kuelekea vilimani.

Kapteni alizima programu, akashika usukani, na ndege ikanyooka mara moja kama mtoto aliyeitwa na mama yake.

Kisha akauliza, "Nukta ya nne ina nini?"

"Ina nini vipi?"

"Pale chini. Kuna nini?"

Nikatazama. Kulikuwa na pori. "Hakuna kitu. Niliiweka ili mstari uonyeshe tunapoelekea."

"Ya tano?"

"Hivyo hivyo."

"Kwa hiyo umetutingisha roho ili tupite juu hasa ya mahali pasipo na kitu." Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Sikiliza. Tukitua Lindi, nukta ya mwisho kabla ya uwanja lazima niipite hasa, nikikosa nimekosa uwanja. Alama za wakulima lazima tuzipite hasa, tukikosa picha hazina maana. Nyingine zote ni za kunielekeza tu. Nikipita jirani yake nimeshaelekea. Zitenganishe."

Miaka sita, na hakuna siku niliyowahi kumuuliza rubani nukta yake ni ya nini.

Lindi tulitua saa nne asubuhi. Kabla hajaniacha na kompyuta yangu, Kapteni alinipa neno la mwisho. "Nakupa mruko mmoja. Ndege ikitikisika, naitoa programu yako, nitapiga picha kwa mkono kadiri nitakavyoweza, na nitamweleza bosi wako ukweli."

Nilifanya kazi hadi alasiri. Nukta niliziweka makundi mawili: za kupita juu yake hasa, na za kupita karibu. Kwenye zile za kupita karibu, ndege ilianza kugeuka mapema na kukata kona kwa mkunjo mpana. Halafu nikaongeza jambo ambalo tumbo langu ndilo lililonifundisha. Kulala upande kwenyewe hakuumizi. Kinachoumiza ni kulazwa ghafla. Basi nikaiambia programu ianze kuinama polepole, iongeze, itulie, na wakati wa kuinuka ifanye vilevile. Mikunjo ikawa mipana zaidi, ikatoka nje ya mpaka wa mashamba kwenye kila mgeuko, lakini nje ya mpaka hakukuwa na kazi yetu. Ndivyo nilivyodhani.

Siku ya tatu tulikwenda Kitomanga kwa gari kukagua alama. Mwenyekiti wa wakulima, Bi Hadija, alitupokea uani kwake kwa madafu. Ni mama mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kutosha mikutano miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, karibuni sana. Ndiye huyu anayeendesha ndege akiwa amelala?"

"Ndiye huyu anayetapika ndani yake," Kapteni alisema.

Baada ya hapo nilikuwa ndugu wa kaya nzima.

Kapteni alieleza kwamba kwenye pembe nne za eneo zitandikwe shuka nyeupe, nne tu, zibanwe na mawe, ili picha zikae sawa na ramani. Bi Hadija alikwishaziandaa. Mpaka wa eneo alikuwa ameuchora yeye mwenyewe na kamati yake. Tulikuwa tunaukagua kwenye karatasi pale mwanamke mmoja wa rika langu alipoingia uani, akasalimia wote, na kusimama nyuma ya Bi Hadija huku anachungulia.

"Na la kwangu liko wapi hapo?" aliuliza.

"La kwako liko nyuma ya kilima, Somoe," Bi Hadija alijibu bila kugeuka. "Mpaka umeishia kilimani."

"Nani kauishiza hapo?"

"Ramani."

"Ramani ina mikono?"

Kapteni akaanza kukagua kucha zake. Mimi nikanywa dafu ambalo lilikuwa limekwisha. Baadaye mwanakamati mmoja alitueleza: Somoe ni wifi wa Bi Hadija, mke wa mdogo wake. Shamba la nyuma ya kilima aliachiwa na marehemu mama yake. Kwenye harusi ya mwaka uliopita Somoe alisema mbele ya wageni kwamba pilau la wifi yake lina kiini, halikuiva. Tangu siku hiyo walikuwa wanasalimiana kwa adabu kubwa mno.

Siku ya nne, saa mbili asubuhi, tuliruka kutoka Lindi. Nilikuwa nimefunga mkanda mpaka pumzi inapita kwa shida. Kapteni alibonyeza kitufe, akaweka mikono mapajani, vidole vikiwa tayari.

Nukta ya kwanza ilipita pembeni na sikuijua. Nilidhani programu imezimika. Upeo wa macho uliinama kidogo kidogo, ukakaa hapo, ukarudi. Nukta ya pili ikafuata vivyo hivyo. Nilimtazama Kapteni. Alikuwa anatazama mbele tu, uso mkavu. Tulipomaliza mgeuko wa tatu, alifungua mfuko wa korosho uliokuwa mfukoni mwake na kuanza kula, moja moja, kwa mikono yote miwili. Hakunisifia kwa neno hata moja, wala sikulihitaji.

Halafu tukafika juu ya Kitomanga.

"Idrisa," alisema. "Uliwaambia shuka ngapi?"

"Wewe ndiye uliyewaambia. Nne."

"Hesabu."

Nilihesabu hadi thelathini nikaacha. Shuka zilikuwa kila mahali: chini ya mikorosho, juu ya mapaa, kwenye vichuguu. Kulikuwa na chandarua. Kulikuwa na kanzu imetandazwa mikono wazi kama mtu anayeomba lifti. Habari zilikuwa zimeenea kwamba ndege hupiga picha penye kitambaa cheupe, na hakuna mkulima aliyetaka kuachwa. Tulicheka mpaka Kapteni akapaliwa na korosho, na ndege, bila kujali, ikaendelea na mistari yake kwenda na kurudi, imetulia kama inashonwa kwa cherehani. Alama zetu nne nilikuwa na vipimo vyake, hivyo hakuna kilichoharibika.

Kila tulipofika mwisho wa mstari upande wa kilima, ule mgeuko mpana ulitupitisha nyuma ya kilima. Huko bondeni, chini kabisa, niliona shuka moja tu, imebanwa vizuri kwa mawe kwenye pembe zote.

Tulipotua Lindi tukafungua picha. Ndipo nilipogundua kuwa nimesahau jambo. Programu ya zamani ilikuwa inazima kamera kwenye kona, na mimi nilipozifuta kona nilifuta na amri hiyo. Kamera ilikuwa imepiga picha hata wakati wa kugeuka, picha za kando, za mshazari. Nilitaka kuzifuta. Kapteni akanishika mkono.

"Rudi nyuma. Hiyo."

Ilikuwa ile shuka ya bondeni. Kuizunguka, mikorosho ya kijani iliyokolea. Lakini upande unaotazama kilima, kundi la miti lilikuwa na rangi nyingine. Kila mti ulikuwa kijani upande mmoja na kahawia upande wa pili, kama mtu aliyeungua jua akiwa amekaa dirishani. Kwenye mashamba yote tuliyotumwa kupiga picha hatukuona miti ya namna hiyo.

Hatukungoja kesho. Kufikia saa tisa tulikuwa uani kwa Bi Hadija na kompyuta juu ya kinu. Alitazama kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipungua.

"Hii ni kwa Somoe."

"Ndiyo, mama."

"Na huu mstari wa miti hapa juu?"

"Huo ni mpaka wa shamba lako."

Miti yenye rangi mbili ilikuwa safu chache tu kutoka mpaka huo. Bi Hadija alijifunga upya kanga yake, akatoka, nasi tukamfuata tukipanda kilima kwa mwendo ambao sikuutegemea kwa mwili ule. Somoe alikuwa shambani anapalilia. Alituona tukishuka wote watatu, akasimama.

"Wifi," Bi Hadija alisema huku anahema. "Mimi ndiye niliyeishiza mpaka kilimani. Si ramani."

Somoe alimtazama. "Najua."

"Basi njoo uone."

Tukamwonyesha picha. Alituongoza hadi kwenye miti ile. Kutoka chini, ukisimama upande wa bonde, ilionekana mizima kabisa, na upande uliokauka ulikuwa unatazama juu kilimani, mahali ambapo hakuna apitaye. Aliuzunguka mti wa kwanza, akagusa majani yaliyokauka, yakabomoka mkononi mwake. "Hii mama alinipandia nilipozaliwa," alisema. "Nilidhani mwaka jana ilizaa kidogo kwa sababu ya mvua."

Siku ya tano tuliruka tena. Bi Hadija mwenyewe aliuchora upya mpaka, safari hii ukaingia bondeni. Niliongeza nukta moja juu ya ile shuka, nikaiweka kwenye kundi la kupita juu yake hasa, na njia ikajipinda taratibu kuipata bila kuyumba. Picha zilitoka safi. Bibi shamba wa kata alikuja nazo mkononi, akachimba kwenye mizizi, akakata gome, akatuonyesha michirizi ya kahawia ndani ya mti. Miti kumi na mmoja ilipigwa alama ya rangi nyekundu. Alisema ing'olewe na kuchomwa palepale, na udongo usihamishwe. Alisema pia kwamba msimu mmoja zaidi, mnyauko ungekuwa umepanda kilima.

Somoe alikaa chini ya ule mti wa kwanza kwa dakika kadhaa, mgongo kwenye shina. Hakuna aliyemharakisha. Kisha akainuka kutafuta shoka, akakuta limeshachukuliwa. Bi Hadija alikuwa amelishika, viatu amevua, kanga amepandisha magotini.

"Weka shoka chini, wifi, wewe una mgongo mbovu," Somoe alisema.

"Mgongo ni wangu."

"Na mti ni wangu."

Wakapokezana. Mimi na Kapteni tulikokota matawi, na wakulima waliotandika shuka zao walikuja mmoja mmoja na mapanga. Watu walikuwa wanataniana juu ya ile kanzu. Somoe alicheka mara mbili, na katikati ya vicheko hivyo alilia mara moja, akajifuta kwa mkono wenye vumbi, akarudi kwenye kazi.

Kurudi Kilwa, Kapteni alifanya jambo ambalo sikuliomba. Tukiwa juu sana, mwambao umenyooka na anga tupu, alizima programu, akatoa mikono, akasema: "Shika."

Nilishika. Pua ikainuka kidogo, nikaisukuma, ikashuka kupita kiasi, nikaivuta, ikapanda kupita kiasi. Kwa mikono yangu mwenyewe nilikuwa naifanyia ndege yaleyale niliyoifanyia kwa programu.

"Acha," alisema. "Unairekebisha kabla haijakujibu. Gusa, halafu ngoja."

Niligusa, nikangoja. Ndege ilifikiri kidogo, ikashuka mahali pake. Niliiendesha dakika kumi nzima, jasho likinichuruzika, na kama mtu angeuchora mwendo wangu kwenye karatasi ungefanana na mwandiko wa darasa la kwanza. Lakini tulikwenda. Masoko ilipoanza kuonekana, alichukua usukani na kutua kwa mguso mwepesi hata sikujua magurudumu yamegusa lini.

Nilifika nyumbani Morogoro siku ya Ijumaa. Mwanahawa aliniuliza nimejifunza nini, nikamweleza habari za mikunjo mpaka akasinzia. Nilichojifunza hasa ni kwamba kwa miaka sita nilijivunia kuunganisha nukta bila kujua mtu gani amesimama pale chini, na nani ameachwa nje kidogo tu ya mstari.

Jumatatu niliongeza sehemu moja kwenye programu. Sasa ukiweka nukta yoyote, kisanduku kinafunguka na kukuuliza: *Hapa ni kwa nani?* Usipojaza, ndege haipewi njia. Wenzangu ofisini wanalalamika kuwa inawachelewesha, na ni kweli inawachelewesha. Walinitaka niwape mfano wa namna ya kujaza, nikawajazia wa kwanza mimi mwenyewe, na bado upo hadi leo: *Kwa Somoe, nyuma ya kilima. Pita juu yake hasa.*